Jina Lililoitwa Kilioni



Majuma machache yaliyopita tulikwenda kulala kilioni katika komini ya Kikula. Marehemu alikuwa kijana mchimbaji, aliyefunikwa na udongo shimoni alipokuwa akitafuta mawe ya kuuza ili watoto wake wawili wapate chakula. Tulisali rozari, tukaimba, tukakaa kimya kama ilivyo desturi. Karibu na usiku wa manane, kambo yake, yaani mama mzee aliyemlea tangu utoto, alisimama, akaweka mikono kichwani, akaanza kumlilia Mungu kwa lugha ya kwao. Aliita Leza. Aliita mara tatu, mara nne, akamwuliza Leza alikuwa wapi siku ile ardhi ilipoanguka.

Kijana mmoja alimkaribia akamshika bega. Huyo si mgeni. Ni mtoto wa parokia yetu, mwenye bidii, kiongozi wa kundi la sala. Alimwambia: «Kambo, jina hilo usiliite hapa. Hiyo ni miungu ya wapagani. Wewe sema Yesu tu.»

Mama mzee alinyamaza. Hakusema Yesu, wala hakumwita Leza tena. Aliketi juu ya mkeka mpaka kulipokucha, na hakuna hata mmoja wetu, sisi tuliojaa pale na rozari zetu mikononi, aliyefungua kinywa kumtetea. Kwa ajili ya kimya chetu tunaandika ukurasa huu.

Kijana yule hakutenda kwa ubaya. Alirudia yale anayoyasikia kila jioni katika mahubiri ya mji huu, na wakati mwingine, tuseme kweli, katika mikesha yetu wenyewe: kwamba majina ya mababu ni milango ya pepo, kwamba aliyeitwa kwa jina la nkambo yake amefungwa kamba ya ukoo, kwamba Leza na Vidye ni ndugu za Baali. Naye alikuwa na Maandiko ya kujitetea. Tulipozungumza naye baada ya maziko, alitutajia nabii Eliya juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto ulioshuka kutoka mbinguni. Sura hiyo imo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, na hatuwezi kuifuta.

Lakini Wakanaani hawakuwa na Baali peke yake. Walikuwa na mwingine, aliye mkubwa kuliko Baali, na historia ya huyo haisimuliwi katika mikesha. Jina lake ni El.

Kwa muda mrefu watu walimjua El kwa kubahatisha tu. Mwaka 1928 mkulima mmoja wa pwani ya Siria, akilima shamba lake, aligonga jiwe la kaburi la kale. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude Schaeffer alianza kuchimba karibu na hapo, mahali paitwapo Ras Shamra, na magofu ya mji wa Ugariti yakaonekana, mji ulioteketea mwanzoni mwa karne ya 12 kabla ya Kristu. Ndani yake mlikuwamo vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa alfabeti isiyojulikana. Kufikia mwaka 1930 herufi zake zilikuwa zimeanza kusomeka, na mmoja wa wale waliozifumbua alikuwa Édouard Dhorme, Mdominikani wa Shule ya Biblia ya Yerusalemu. Si vibaya Wakatoliki wakumbuke kwamba aliyesaidia kuvisomesha tena vibao vya Wakanaani alikuwa padri.

Katika vibao hivyo El ni mzee mwenye mvi, baba wa miungu na wa wanadamu, akaaye penye chemchemi ya mito miwili. Huitwa mwema na mwenye huruma. Moja ya sifa zake wataalamu wengi huilinganisha na neno la Kiarabu ambalo Waswahili wa pwani wanalo hata leo, latifu. Baali ndiye kijana wa vita, bwana wa mvua na radi. El ndiye mzee anayetoa ruhusa. Basi, yako pia mengine ambayo hatuna haja ya kuyaficha. El wa Ugariti ana mke, Athirati, na watoto 70 wa huyo mke. Kibao kimoja kinasimulia karamu ambamo El alikunywa divai mpaka akalewa, akashindwa kutembea, akabebwa kupelekwa nyumbani kwake, akaanguka katika uchafu wake mwenyewe. Huyo si Mungu tunayemwabudu. Kama kijana wetu angesoma kibao hicho, angesema: «Mmeona?»

Ndiyo, tumeona. Lakini tuone na yale yaliyofuata.

Abrahamu aliingia katika nchi ambayo jina hilo lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Sura ya 14 ya Mwanzo inasimulia kwamba alipotoka vitani alikutana na Melkisedeki, mfalme wa Salemu, kuhani wa El Elyoni, yaani Mungu Aliye Juu. Melkisedeki hakuwa wa ukoo wa Abrahamu. Alikuwa mtu wa nchi ile, mwenye madhabahu yake. Abrahamu hakumkemea, wala hakumwamuru abadili jina la Mungu wake. Alipokea baraka, akampa sehemu ya kumi, kisha alipoapa mbele ya mfalme wa Sodoma alilichukua jina lile lile la Melkisedeki akaliunganisha na jina la Bwana wake mwenyewe. Nasi Wakatoliki, kila Padri anaposali Sala ya kwanza ya Ekaristi, tunataja sadaka ya kuhani huyo pamoja na ile ya Abeli na ile ya Abrahamu, na hakuna anayeogopa.

Baada yake jina hilo linatapakaa katika kitabu kizima. Hagari, mtumwa wa Misri, aliyekimbia mateso akiwa na mimba, anakutana na Mungu jangwani karibu na kisima, naye anampa jina: El Roi, Mungu anionaye. Beer-sheba anaitwa El Olamu, wa milele. Mbele ya Abrahamu mzee anajitambulisha kuwa El Shadai. Yakobo anajenga altare Shekemu kwa jina la El, na mahali alipoota ngazi anapaita Betheli, nyumba ya El. Na katika sura ya 6 ya Kutoka Mungu mwenyewe anamwambia Musa jambo la ajabu: kwamba wazee wake walimjua kwa jina la El Shadai, na jina la Bwana hawakulijua bado. Hasemi kwamba walikosea. Hasemi kwamba walikuwa wakiomba pepo. Ni yeye aliyeitika siku zote hizo.

Taifa zima likabeba jina hilo. Israeli mwisho wake ni El. Samweli, Danieli, Yoeli, Ezekieli. Mikaeli, Rafaeli, Gabrieli. Na yule aliyetabiriwa na Isaya, Emanueli. Katika Agano la Kale la Kiebrania neno hilo limeandikwa zaidi ya mara 200. Yule kijana aliyemnyamazisha mama mzee alibatizwa kwa jina la mmoja wa malaika wakuu. Hatutamtaja, ila kila anapoitwa kula chakula, jina la mzee wa Ugariti linaitwa pamoja naye, na halimdhuru.

Hapo ndipo swali linapotukalia. Kwa nini El alipokelewa na Baali akakataliwa? Wote wawili walikuwa wa Wakanaani. Kama kosa lingekuwa kutoka kwa wapagani tu, wangetupwa wote.

Manabii wanatupa sababu, nayo haihusu asili ya jina. Neno baali lenyewe halina ubaya. Maana yake ni bwana, mwenye mali, mume. Zamani Waisraeli waliwaita watoto wao kwa jina hilo bila haya, hata Sauli mfalme alikuwa na mwana aitwaye Eshbaali katika Kitabu cha Mambo ya Nyakati. Waandishi wa baadaye, katika Kitabu cha Samweli, wanamwita Ishboshethi, na bosheti ni aibu. Tunakiri basi: Biblia inajua kulifuta jina. Hosea anatangaza siku ambayo watu hawatamwita tena Mungu kwa neno hilo. Lakini neno lilifutwa baada ya yale yaliyotendwa chini yake. Watu walimgeuza Baali kuwa soko la mvua na mavuno: nipe nikupe. Na Yeremia, katika sura ya 19, anataja ile iliyo mbaya kupita zote, kwamba walijenga mahali pa juu pa Baali ili wawachome moto watoto wao wenyewe, jambo ambalo Mungu hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake.

Kwa hiyo mwenye kutaka kumfuata Eliya asianze na kamusi. Aulize kwanza: jina hili linadai nini kwa watu, na zaidi, linadai nini kwa mtoto?

Sasa turudi kwa Leza. Jina hilo, au Lesa kama wengine walitamkavyo, si la kabila moja. Babemba wanalo, Balamba, Basanga, Bakaonde, Batabwa, Baluba, na kuvuka mpaka mpaka kwa Batonga na Baila wa Zambia. Kwa wengi wao ni yule aliyeumba, aliye juu, mwenye mvua. Wazee walimwona yuko mbali, na shida za kila siku walizipeleka kwa mizimu iliyo karibu, kama vile Wakanaani walivyomwacha El kwenye mito yake wakamkimbilia Baali. Lakini msiba ulipozidi nguvu za mizimu, walimwita yeye.

Kuna hadithi ya Baila, iliyoandikwa na Smith na Dale katika kitabu chao cha mwaka 1920, ambayo wengine wetu hatuwezi kuisahau. Mama mmoja alifiwa tangu utoto: wazazi, ndugu, mume, watoto, mpaka wajukuu. Katika uzee wake aliazimu kumtafuta Leza ili amwulize sababu. Kwanza alikata miti ajenge ngazi ya kufika mbinguni, miti ikaoza na kuanguka. Kisha akaanza safari kutafuta mahali ambapo mbingu inagusa ardhi, nchi baada ya nchi. Watu walimwuliza aendako, naye akawajibu. Wakamwambia kwamba hayuko peke yake, kwamba wote hupatwa vivyo hivyo na hakuna anayejinasua. Hakumfikia Leza. Alikufa na swali lake.

Mwenye kusoma Kitabu cha Yobu atamtambua mama huyo mara moja. Je, twaweza kusema kwamba alikuwa akitafuta pepo? Mtu hasafiri maisha yake yote akimtafuta shetani ili amdai haki.

Na tena, wapendwa, tujiangalie kidogo. Sisi hapa Likasi tunasali kwa Kiswahili na kusema Mungu, na jina hilo twaliona safi, la Kikristu kabisa. Lilitoka wapi? Ni jina la Kibantu, ndugu wa Mulungu, aliyeombwa na Wayao, Wanyanja na mataifa mengine ya mashariki kabla hawajamwona mmisionari. Watu wa pwani walipopokea Uislamu hawakuliacha, na waliotafsiri Biblia walilikuta na kulitumia. Kule Rwanda wamisionari wa kwanza Wakatoliki waliogopa jina la kienyeji, Imana, wakaleta Mungu la Kiswahili mahali pake. Baadaye Kanisa lile likarudi kwa Imana. Waliogopa jina la babu mmoja wakaazima la babu mwingine! Aliyemkataza mama mzee kusema Leza alitumia, ili kumhukumu, neno lililopitia njia ile ile.

Mkoa wetu umewahi kugombana juu ya jambo hili. Mwaka 1945, Elisabethville, kilichapishwa kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi miaka mingi kati ya Baluba, kuhusu falsafa ya Wabantu. Alidai kwamba watu hawa walikuwa na fikira kamili kuhusu uzima na chanzo chake. Askofu de Hemptinne wa Katanga alikipinga kwa nguvu, na Tempels akarudishwa Ubelgiji kwa miaka kadhaa. Wengi wamekisahihisha kitabu hicho tangu hapo, wakiwemo Waafrika, na kwa haki. Lakini Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini nyingine, ulisema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu humo. Na mwaka 1988 Roma ilithibitisha misale ya majimbo ya Zaire, ambamo pamoja na watakatifu tunawaomba mababu wenye moyo mnyofu wawe nasi. Baba Mtakatifu Fransisko aliiadhimisha Misa hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Si haki kuwaita mababu hao mwanzoni mwa Misa, kisha jioni kuliita jina walilomwomba Mungu kuwa la pepo.

Wazee kati yetu wanakumbuka pia amri ya kinyume. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo. Joseph na Marie walifutwa katika vitambulisho, na Kardinali Malula alilazimika kuondoka nchini kwa kuupinga mwenendo huo. Mji wetu wenyewe ulikuwa umeacha kuitwa Jadotville miaka michache kabla, na hilo hatulilalamikii. Lakini tunaona kichekesho kichungu: kizazi kimoja kilikatazwa jina la mtakatifu, na sasa wajukuu wanakatazwa jina la babu. Aliyekatazwa ni yule yule mtu mdogo, asiye na wa kumtetea ofisini wala kanisani.

Hatusemi kwamba kila kitu cha wazee ni chema. Neno Vidye, kwa mfano, kwa Baluba lataja Mungu Mkuu na lataja pia roho wa mahali, na Mkristu anatakiwa kujua yupi anamwita. Ziko kafara ambazo hatuwezi kuzirudia, na hirizi zinazouzwa sokoni hazigeuki kuwa sakramentali kwa sababu ni za kwetu. Jina la El lilioshwa kwa karne nyingi. Athirati aliondolewa kando yake, ulevi ukasahauliwa, Hagari na Yakobo wakakutana naye wakatajirisha maana yake. Leza naye alihitaji kuoshwa, na katekista wetu wengi wa zamani walifanya kazi hiyo kwa uvumilivu, katika lugha za vijiji vyao, bila makelele. Kutupa jina ni rahisi zaidi kuliko kazi hiyo.

Na kama kijana wetu anataka kweli moto wa Eliya, kazi ipo. Katika miji yetu wako watoto wanaoitwa wachawi: yatima, mwenye kifafa, yule anayekojoa usiku, yule ambaye mama wa kambo hamtaki. Wanafungiwa, wananyimwa chakula kwa jina la mfungo, wanapigwa ili wakiri, kisha wanatupwa barabarani. Wako wengine wanaobeba magunia ya mawe mashimoni wakati wenzao wako shuleni. Yanayotendwa hapo hutendwa mara nyingi kwa majina matakatifu, na jina la Yesu hutajwa kwa sauti kubwa. Yeremia angelijua jambo hilo bila kuuliza limetoka kwa kabila gani.

Tuliyaeleza haya kwa kijana, siku ya pili, chini ya mwembe wa jirani. Alisikiliza. Aliuliza, kwa haki yake, kwa nini basi tulikaa kimya usiku ule. Hatukuwa na jibu la kumpa. Kisha mmoja wetu alimkumbusha msalaba, kama Mathayo anavyousimulia: jinsi Yesu, katika saa ya mwisho, hakutumia jina lile alilofunuliwa Musa, bali alilia kwa maneno ya zaburi ya zamani, akamwita El, El wangu, akamwuliza kwa nini amemwacha. Na waliosimama karibu hawakuelewa. Walidhani anamwita mtu mwingine.

Kijana alikaa muda mrefu akitazama chini. Jioni alikwenda kwa mama mzee. Walizungumza nini, hatujui. Tulimwona tu akimletea maji ya kunawa. Baadaye mama mzee alituambia jambo ambalo hatukulitegemea: kwamba jina la Leza alilijua kwa babu yake kwanza, kisha alilisikia tena kwa padri Mzungu aliyembatiza, aliyefundisha katekisimu kwa lugha ya kijijini, na kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kuwa walikuwa wawili.

Misa ya siku arobaini itasomwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Mama mzee ameomba lisomwe somo la Hagari kisimani, na katika orodha ya wasomaji zamu ni ya yule kijana.